Goti la Nyar Karungu

Juzi nilikuwa jikoni kwangu hapa Kisumu, nachambua mboga ya managu, wakati vikombe vilipoanza kugongana kabatini. Ti-ti-ti-ti, taratibu, kama vinanong'onezana. Watoto wangu hawakuinua hata macho. Walidhani ni lori la mchanga linapita barabarani, na huenda kweli lilikuwa lori. Lakini mimi tayari nilikuwa nimesimama, majani mkononi, nikikitazama chungu kidogo cheusi ninachokiweka juu ya kabati, nikisubiri kusikia kama kitaimba au kitanyamaza. Kitindamimba wangu akaniuliza, "Mama, unasikiliza nini?" Nikamwambia nasikiliza Lambwe. Akacheka, akarudi kwenye simu yake.

Wewe ngoja nikusimulie, maana yeye hana muda.

Mimi nimezaliwa chini ya Kaniamwia, ule ukuta mrefu wa mlima unaosimama upande mmoja wa bonde la Lambwe. Ukiwa mtoto pale, jambo la kwanza linalokusumbua ni kwamba mlima umenyooka mno. Milima ya Gwassi upande wa pili ina vichwa na mabega kama milima ya watu. Lakini Kaniamwia umekwenda sawasawa kama ukingo wa meza, mpaka macho yanachoka kuufuata. Niliwahi kumwuliza mama ni nani aliyeukata. Akanijibu kwamba kama nimemaliza kuosha vyombo niende nikamwulize mwenyewe.

Na ardhi ya kwetu ilikuwa inatetemeka. Si kila siku, wala si kwa kishindo cha kuangusha nyumba. Ilikuwa mitetemo midogo midogo, ya kuja na kupita. Unakaa unakunywa chai, unaona duara dogo limezuka katikati ya kikombe na hakuna aliyekigusa. Kuku wanaacha kudona, wanasimama wakiwa wameinua mguu mmoja. Mbwa anajikunja chini ya ghala. Halafu unaanza kuusikia kwenye nyayo, mngurumo wa chini kwa chini, na ukishaanza kuuogopa tayari umekwisha. Watu wazima hawakukatiza hata mazungumzo. Mama alikuwa anashika tu mfuniko wa sufuria, anaendelea kuteta mtu.

Dani, bibi yangu mzaa baba, alikuwa na namna yake. Alikuwa anaweka kiganja chake juu ya sakafu na kusema polepole, "Lala, mama, lala." Nilipomwuliza anaongea na nani, alisema dunia imelala kwa muda mrefu, imechoka ubavu mmoja, inageuka. "Kwani wewe hugeuki ukilala? Mimi ndiye ninayepigwa mateke yako." Nikataka kujua ni ubavu gani, wa kulia au wa kushoto, na ikimaliza kugeuka tutakuwa tumeangalia wapi. Dani akasema, "Awuor, maswali yako yatamaliza majibu ya watu."

Tulilala kwake, sisi wasichana wa boma, kama ilivyokuwa desturi, na ndiyo maana niliijua nyumba yake kuliko mtu yeyote. Dani alikuwa mfinyanzi. Nyumba nzima ilinuka udongo mbichi, moshi na mafuta ya samli. Kwenye ukuta wa nyuma vyungu vyake vilisimama vimepandana, kikubwa chini, kinachofuata juu yake, mpaka kile kidogo cheusi kilichokaribia kugusa paa. Ardhi ikitikisika, hicho cha juu ndicho kilichoanza kuimba. Mimi nilikuwa nimeshajua kwamba kikiimba sauti nyembamba mtetemo ni wa kupita, na kikigonga nzito, heri ukae chini.

Kitu kingine nilichojifunza kwake ni kugonga. Chungu kikitoka motoni na kupoa, Dani alikuwa anakiinua, anakipiga kwa kifundo cha kidole, na kukitegea sikio. Chungu kizima kinalia, sauti inabaki hewani kidogo. Chenye ufa kinajibu kwa mkato, *kwap*, hata kama ufa wenyewe huuoni kwa macho. Alinifundisha hivyo nikiwa sijaanza shule. Nikawa nagonga kila kitu. Niligonga boga, nikagonga mtungi wa maji, nikagonga kichwa cha binamu yangu na kutangaza kwamba kina ufa, nikachapwa.

Basi katika miaka ya tisini baba mdogo Omolo, kitindamimba wa Dani, alioa. Mke wake, Anyango, alitoka Karungu, kule ziwani, na kwa kuwa kwetu mke huitwa kwa jina la kwao, boma zima lilimwita Nyar Karungu, binti wa Karungu. Alikuja na mfuko wa dagaa wa omena, kicheko kikubwa, na mazoea ambayo sikuwahi kuyaona kwa mtu mzima. Ukimwuliza swali asilojua jibu lake alikuwa anasema, "Sijui. Twende tukaangalie." Haki ya Mungu, niliposikia hivyo mara ya kwanza nilidhani ananitania. Nilimwuliza kwa nini zile nguo za mitego ya mbung'o, inzi wa malale, iliyotegwa bondeni ni za buluu, si nyekundu. Tukaenda mpaka mtegoni, tukakaa kwenye nyasi, tukahesabu mbung'o waliotua juu ya leso yake nyekundu na waliotua kwenye kitambaa cha buluu, tukarudi tumeumwa mikono yote. Nilimpenda vibaya sana.

Siku ya mtetemo wa kwanza tangu aje, alikimbia nje akikumbatia sufuria ya ugali. Kwao ziwa ndilo linalocheza, nchi kavu imetulia. Sisi tukamcheka mpaka machozi. Dani hakucheka. Dani alikuwa hamchekei Nyar Karungu wakati huo. Alikuwa anamtazama tu, jinsi mama mkwe anavyomtazama mke ambaye bado hajamjua.

Jirani yetu, boma la pili, alikuwa Mzee Ogutu, mdogo wa marehemu babu. Huyu nikwambie alikuwa mtu wa kofia. Alikuja kwa Dani karibu kila wiki na kifurushi cha sukari, akakaa, akaweka kofia juu ya goti, kisha akaanza kuikagua nyumba. Anapapasa nguzo ya kati. Anatazama paa. "Nyar Uyoma," anamwambia Dani, "nyasi hizi zimechoka." Dani, ambaye wakati wote huo amesimama mlangoni kama anayesubiri mgeni aage, anamjibu, "Hata mimi nimechoka, shemeji, na bado nimesimama." Mvua ikinyesha paa lile lilivuja kweli. Dani aliweka vyungu chini ya matone, na sisi watoto tulilala kwa muziki wake. Nilishangaa tu, wana wawili wenye nguvu, kwa nini hakuna anayempandia mama yake paa?

Sasa twende kwenye goti lenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, jua kali. Nyar Karungu alikuwa ametumiwa omena mbichi na mama yake, na kwa akili za kwao ziwani akaona hakuna mahali pazuri pa kuzianika kama mabati ya jiko lake, yaliyokuwa yanachoma kama kikaango. Akapindua kinu, akapanda juu yake, akazitandaza. Kunguru wakaja. Akapanda tena kinu kuwafukuza, na ili afikie zile za mbali, akaegemeza goti moja juu ya mabati. Hapo ndipo Mzee Ogutu alipokuwa anapita langoni.

Nadhani unajua, na kama hujui nikwambie, kwamba kwetu mwanamke hapandi paa la nyumba wakati mume wake yuko hai. Ni kama anamtakia kifo. Mzee Ogutu alipiga ukelele kama aliyeona chui. Nyar Karungu akashuka mbio, akapoteza kiatu. Na jioni ile ile, wakati wa kuwarudisha ng'ombe, ardhi ilitikisika.

Haikuwa kubwa hivyo, nikikumbuka leo. Lakini ilikuwa kubwa kuliko zote nilizozijua. Chungu cha juu kiligonga nzito, tukakaa chini wenyewe bila kuambiwa. Zile omena zikateremka kutoka kwenye mabati kama mvua ya mawe, na paka wa boma zima wakafanya sherehe. Vumbi lilipotulia tukasikia Nyar Karungu anaita. Ukuta wa chumba chake cha kulala, nyumba mpya ambayo udongo wake ulikuwa bado haujapoteza harufu ya samadi, ulikuwa umepasuka kuanzia sakafuni mpaka juu.

Kesi ilianza hapo hapo. Nyar Karungu alisema hakupanda paa, aliegemea tu na goti. Mzee Ogutu akasema goti haliwezi kupanda mahali bila mwenyewe. Wazee wengine wakauliza, je, mguu mwingine ulikuwa wapi? Kwenye kinu. Na kinu ni chini au ni juu? Wanaume wazima na mvi zao walibishana kuhusu goti la mwanamke siku nzima ya Jumapili, na mama yangu ikabidi aende nyuma ya nyumba akacheke huko na khanga mdomoni. Lakini Jumatatu baba mdogo Omolo aliamka akitetemeka kwa homa, na hakuna aliyecheka tena.

Ilikuwa malaria. Bonde lile mbu wake hawana likizo, na Omolo aliugua kila msimu wa mvua tangu utoto. Lakini sasa ufa ulikuwepo, goti lilikuwepo, na mume amelala amejifunika blanketi mbili katikati ya mchana. Mzee Ogutu akatoa maneno yake: Nyar Karungu arudishwe kwao mpaka watu wake walete dawa ya kusafisha jambo hili, na nyumba ile ihamwe. Kikao kingekaa Jumapili inayofuata, nyumbani kwa Dani, kumalizia tu. Nilimwuliza mama Nyar Karungu atarudi lini. Mama aliendelea kuchekecha unga. Akasema mke akirudishwa hivyo, miguu ya kumfuata huwa mizito. Nikaelewa kwamba harudi.

Na Dani? Dani hakusema neno. Jambo hilo lilinishangaza kuliko ufa. Mtu ambaye alikuwa na maoni juu ya kila kitu, mpaka jinsi mbuzi wa jirani wanavyotembea, alikaa kimya wiki nzima. Hakugusa udongo. Aliketi mlangoni kwake akimtazama Nyar Karungu akienda na kurudi na maji ya kumpoza mumewe.

Mimi nililia, kisha nikachoka kulia, na nikichoka kulia mimi huwa naanza kuuliza. Nikajiambia, huu ufa umeanzia wapi na unakwenda wapi? Nani nimwulize? Jibu nikalisikia kwa sauti ya Nyar Karungu mwenyewe: sijui, twende tukaangalie. Nikaenda peke yangu.

Nilianza chumbani kwake, nikigonga ukuta kwa kifundo kama nilivyofundishwa. Mahali pazima palijibu vizuri, kwa sauti nzito iliyojaa. Karibu na ufa palisema *kwap*. Nikaufuata mpaka chini, nikatoka nje, nikapiga magoti. Kwenye uwanja, pale tulipokuwa tukifagia kila asubuhi, kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Siafu wadogo walikuwa wameshaufanya barabara. Ulipita chini ya mguu wa ghala. Ukapita kwenye jiwe la zizi, na jiwe lenyewe lilikuwa na alama. Nilipogeuka kutazama nyuma nilikotoka, mstari ulikuwa umenyooka moja kwa moja kuelekea Kaniamwia, na mlima ulikuwa umesimama pale umenyooka vile vile. Sikujua nimeona nini. Nilijua tu kwamba goti la mtu haliwezi kufanya vile.

Kisha nikaufuata upande wa pili, na ukanipeleka nyuma ya nyumba ya Dani. Hapo kwenye ukuta wa nje palikuwa na utepe wa udongo mweusi kidogo kuliko ukuta wote, uliokandikwa vizuri, uliolainishwa kwa kiganja. Nikagonga. *Kwap.* Nikagonga juu zaidi. *Kwap.* Nikazunguka, nikaingia ndani, nikaingiza mkono nyuma ya vyungu, nikagonga, nikatega sikio.

"Unatafuta nini?" Dani alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Natafuta ufa wa Nyar Karungu unakokwenda."

Akautazama mkono wangu nyuma ya vyungu. "Umefika wapi?"

"Umefika hapa, Dani."

Nilidhani ananichapa. Badala yake alikaa chini, juu ya kigoda chake cha kufinyangia, akajifuta mikono iliyokuwa haina kitu. Akaniuliza nimemwambia nani. Nikasema hakuna. Nilisubiri anikataze kusema, maana watu wazima ndivyo wafanyavyo, lakini hakunikataza. Alisema tu, "Kachote maji, jua linazama." Nikaenda kuchota maji nikiwa nimechanganyikiwa kabisa. Mbona hafurahi? Si sasa tumeshajua kwamba Nyar Karungu hana kosa? Si akimbie awaambie?

Jumapili ikaja. Watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja na nguo zao nzuri. Wazee walikaa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Baba yangu alikuwa amekuja kutoka Migori alikofanya kazi. Omolo aliegemea nguzo, blanketi mabegani, midomo imepauka. Mara mbili alisema hataki mke wake aende popote, na mara mbili akaambiwa mgonjwa hajui anachosema. Nyar Karungu alikaa karibu na mlango. Mfuko aliokuja nao wa omena ulikuwa kando yake, sasa umejaa nguo. Alikuwa amejifunga leso yake nyekundu ya mbung'o.

Mzee Ogutu aliongea kwa muda mrefu, kofia gotini. Alipomaliza, watu wakamgeukia Dani, kwa kuwa yeye ndiye mama wa boma, na kilichobaki ni aseme ndiyo.

Dani akasimama. "Awuor," aliniita, "njoo unisaidie kushusha vyungu."

Watu wakatazamana. Alipanda juu ya kigoda akaninyooshea kile kidogo cheusi, nikakiweka chini. Akanipa kinachofuata. Na kingine. Ulisikia tu udongo ukigusa udongo. Mama alikuja kutusaidia na vile vikubwa. Tulipoondoa cha mwisho, Dani alichukua kisu chake cha kukwangulia na kukwangua ukuta, na udongo uliokauka ukaanguka vipande vipande. Ndani yake palikuwa na ufa ambao ungeingiza vidole vyangu vyote. Mwanga wa nje ulikuwa unapenya.

"Huu una miaka," alisema. "Nimeukandika tangu Omolo hajaota ndevu. Ule wa Nyar Karungu ni mtoto wa huu, umetoka hapa ukaenda kwake. Nifuateni nje niwaonyeshe, au mwulizeni Awuor, ametembea nao wote." Kisha akamgeukia Mzee Ogutu. "Kama ule umeletwa na goti la Nyar Karungu, shemeji, huu umeletwa na goti la nani?"

Weee! Kama ungekuwepo. Mzee mmoja aliyekuwa anasinzia aliamka akicheka. Baba yangu aliinama kutazama viatu vyake, mabega yakimtingishika. Nyar Karungu aliweka leso usoni akalia kwa sauti, na Omolo, na homa yake, akaenda akakaa sakafuni karibu naye mbele ya wazee wote, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawakuwa wanalifanya.

Lakini Mzee Ogutu hakuaibika. Hilo ndilo lililonishinda kuelewa kwa miaka mingi. Aliutazama ule ufa, akainuka, akaingiza mkono ndani yake, na uso wake ukang'aa kama mtu aliyepata alichokipoteza. Akasema polepole, "Nyar Uyoma, nyumba hii imekwisha. Inahitaji mwanaume."

Mimi kwa kiherehere changu nikajibu, "Si Omolo ni mwanaume? Akipona atajenga." Hapo hakuna aliyecheka. Mama alinivuta gauni. Wanawake wote waliangalia chini, na Dani alisimama kati ya vyungu vyake vilivyotapakaa, mdogo ghafla, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Kisha akajinyoosha.

"Chai yako inapoa, shemeji," akasema.

Na kikao kikaisha hivyo. Nyar Karungu alirudisha nguo zake kwenye sanduku. Omolo alipona, kama alivyopona kila mwaka. Wakakandika ukuta wao, wakazaa watoto ndani ya nyumba ile ile. Mzee Ogutu aliendelea kuja na sukari, sasa hata nguzo hakuipapasa, anaelekeza tu kidole ukutani, na baada yake wakaja wazee wengine, na maneno yao yakawa makali. Dani aliwapa wote chai. Kila baada ya mvua, Nyar Karungu alikuja asubuhi na karai la udongo kichwani, na wawili hao wakaziba ufa pamoja, mmoja ndani, mmoja nje, wakiongea kupitia ukutani. Walicheka sana. Walipomaliza, walirudisha vyungu mahali pake. Dani alifia ndani ya nyumba hiyo kabla miaka ya tisini haijaisha, paa linavuja, ukuta umesimama. Nyar Karungu ndiye aliyenipa kile chungu kidogo cheusi, akisema ni changu kwa kuwa mimi ndiye niliyekipokea.

Shuleni nilifundishwa kwamba Kaniamwia ni mahali ardhi ilipovunjika zamani sana, upande mmoja ukateremka na mwingine ukabaki juu, na kwamba bado hapajatulia. Nilifurahi kupita kiasi, nikainua mkono kumwambia mwalimu kwamba hilo nalijua, nililigonga mwenyewe. Nikadhani basi nimemaliza kuielewa hadithi hii. Kumbe wapi.

Baba yangu alifariki miaka michache iliyopita. Msimu wa mvua uliofuata, paa la jiko la mama lilianza kuvuja. Mimi nina kazi yangu, namshukuru Mungu. Nikanunua mabati, nikatafuta fundi, nikamtuma. Jioni fundi akanipigia simu: amerudishwa langoni, mabati ameyaacha hapo hapo. Nikampigia mzee mmoja wa ukoo, nikiwaka. Akanijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto, "Mwanangu, huyo ni mjane. Nyumba ya mjane haiguswi mpaka kwanza arithiwe. Inahitaji mwanaume."

Nilikaa chini. Nilikaa sakafuni jikoni, simu mkononi, nikiwa mama wa watu, nikalia kama siku ile nilipoelewa kwamba Nyar Karungu harudi. Ndiyo maana wanawe hawakumpandia paa. Ndiyo maana Mzee Ogutu alipapasa nguzo zile kila wiki, akisubiri. Dani alikuwa ameificha nyumba yake nyuma ya vyungu ili asilazimishwe kumpokea mwanaume asiyemtaka, na alishinda, miaka yote hiyo alishinda, mpaka siku aliposimama mbele ya watu na kukishusha kimoja baada ya kingine kwa ajili ya msichana wa watu ambaye hata hakuwa amemzoea. Nami nilikuwa navipokea. Nilidhani ananionyesha ufa.

Ukoo ulikuwa umeshamchagua wa kumrithi mama: Omolo, mdogo wa baba. Omolo akawaambia, "Huyu ni shemeji yangu aliyenipikia uji nikiwa na malaria. Mke niliye naye anatosha, ananimaliza." Wakasema basi paa libaki livuje.

Niliendesha gari mwenyewe kwenda Lambwe Jumamosi iliyofuata, nikiwa nimejiandaa kwa vita. Nilipofika langoni nikasikia nyundo. Mabati yangu mapya yalikuwa yanang'aa juani. Mama alikuwa chini anapokeza misumari. Omolo, mvi tupu, alikuwa ameshika ngazi kwa mikono yote miwili, mzima kama siku aliyozaliwa. Na juu kabisa ya paa, leso kiunoni, amekaa kama yuko kwao, alikuwa Nyar Karungu.

Aliponiona alisitisha nyundo akafuta jasho.

"Awuor!" akaniita. "Njoo uangalie. Leo nimepanda na magoti yote mawili."